Sharti la Tano

Geita, 2 Juni 2024

Bibi Apolonia, shikamoo.

Huku hatujambo. Mtoto ana wiki tatu, ananyonya mpaka nachoka. Mgongo wako unaendeleaje?

Vijana wangu kumi wanafika Jumamosi pamoja na mlezi wao, Wiliam. Nilishakueleza: wengine walitoroka shule, wengine wanavuta bangi, wawili wametoka mahabusu. Watalala kwenye mahema shambani kwako miezi mitatu, watachunga, watalima, watatembea porini. Nilitaka kuja nao ila mshono haujapona.

Masharti anayo Wiliam. La tano ndilo kubwa: kijana yeyote asishike sururu wala koleo. Wametoka kwenye maduara, mashimo ya dhahabu, na sitaki waone shimo tena. Ofisi imenipa msimu huu mmoja tu. Wakiharibu, mradi unafungwa nao wanarudi kulekule.

Mjukuu wako,
Noela


Nyahanga, Kahama, 19 Juni 2024

Noela, marahaba.

Mgongo ni wangu, uuache. Mtoto jina lake nani? Wiki tatu anaitwa mtoto, mtoto, kama ndama.

Watu wako wamefika. Siku ya kwanza wamemaliza ugali. Siku ya pili nimekuta ng'ombe ndani ya ngitili yangu, majani niliyoyafungia tangu masika ili yanivushe kiangazi. Nikauliza nani kafungua. Kijana mmoja akasema, "Mimi. Walikuwa wanatia huruma." Nikamwambia, na Septemba watakula huruma?

Huyo anaitwa Mabula. Haongei na mtu, na kisimani hasogei, maji anachotewa na wenzake. Nimemwita mvivu, akaenda zake zizini. Wiliam naye anapuliza filimbi alfajiri. Nimemwambia hapa tuna majogoo.

Nawavumilia mpaka mwisho wa Julai. Halafu uje uwachukue, wewe na mshono wako.

Bibi yako,
Apolonia


Geita, 27 Juni 2024

Bibi, shikamoo. Mgongo siulizi tena.

Nisamehe kwa majani. Lakini Mabula usimwite mvivu. Kule machimboni kazi yake ilikuwa kupiga matimba, zile nguzo za kuzuia udongo duarani. Mwaka jana alimwambia tajiri wao kwamba miti haitoshi. Tajiri akacheka. Udongo ukamfukia Amosi, kaka yake. Tangu hapo hasogelei shimo lolote.

Jina la mtoto tunakungoja wewe.

Mjukuu wako,
Noela


Geita, 4 Agosti 2024

Bibi, shikamoo. Je, mko wazima?

Julai imeisha na hujaandika. Simu ya Wiliam haipatikani. Dereva wa basi ananiambia kisima chako kimebomoka na vijana wameonekana na masururu. Niambie si kweli.

Noela


Nyahanga, 11 Agosti 2024

Noela, marahaba. Wazima tupo.

Ni kweli. Mnyonyeshe mtoto kwanza, usome polepole.

Kisima kilibomoka tarehe ishirini Julai. Ng'ombe kumi na saba, watu kumi na wawili, tone hakuna. Simu ya Wiliam ilitumbukia humohumo. Jirani yangu Boaz akaja na wanawe wawili, wakaanza kuchimba kwa mbwembwe. Mabula alikuwa zizini. Mara namwona anakuja, yeye ambaye haji. Akashika udongo, akaunusa.

"Baba, tokeni."

Boaz akacheka. "Wewe wa mahabusu utanifundisha kisima?"

"Tajiri wetu naye alicheka hivyohivyo. Tokeni."

Nikamwambia Boaz kisima ni changu, toka. Wakatoka wananuna. Ugoro wangu haujafika puani, upande mzima ukaporomoka. Boaz alikaa chini hapohapo.

Nikamuuliza Mabula, "Utaweza?" Akasema, "Miti ikitosha, bibi." Nikamfungulia ngitili mwenyewe, nikamwambia kata mti wowote unaoutaka. Sharti lako la tano nimelivunja mimi, wala sijutii. Ulimficha koleo kana kwamba koleo ndilo lililomuua kaka yake. Aliyeua ni bahili wa miti.

Wiki mbili wamechimba wote, wanapokezana, maji tukiomba kwa Boaz. Hakuna aliyeshuka kabla Mabula hajagonga kila nguzo. Akisema, "Hii bado," hata Wiliam na ndevu zake anapanda juu. Boaz sasa anamwita fundi.

Maji yalitoka Jumanne. Mabula akashuka wa mwisho, akakaa kule chini muda. Akapanda na ndoo, akanipa mimi kwanza. Nimeyanywa na tope lake. Nikamwambia wabeja, asante ya kwetu, maana ya Kiswahili niliona ndogo.

Afisa wako alikuja Ijumaa na kalamu yake. Nimempa maji, nimempeleka kisimani, nikamwambia hesabu nguzo. Ameandika mradi uendelee mwaka mzima. Mwenyekiti wa kijiji naye anataka kisima cha shule. Nimemjibu angoje, mafundi wangu wako machungani.

Mtoto wako anaitwa Amosi. Nimemwomba Mabula, amekubali. Kama hupendi, njoo tugombane hapahapa. Maji ya kumwogeshea yapo.

Bibi yenu,
Apolonia