Ploti Nane na Kamera ya Kathini

KIKUNDI CHA MWETHYA CHA NGWATANIO, MATILIKU
KIKAO CHA JUMAMOSI, TAREHE 14/09/2024

Mahali: nyuma ya kanisa, upande wenye kivuli. Kikao kilitakiwa kuanza saa nne. Kilianza saa tano na dakika kumi, na si kwa sababu ya katibu.

WALIOHUDHURIA
1. Nzioka Mbithi, Mwenyekiti
2. Syombua Ndululu (Mama Mutinda), Katibu. Alifika saa nne kasoro kumi.
3. Ndunge Musembi, Mweka Hazina
4. Mzee Kiema
5. Kathini Nyamai (Mama Gedion). Alikuja na kamera.
6. Kanini Mutuku
7. Mbatha Muli. Alisinzia kuanzia kumbukumbu ya pili.

WASIOHUDHURIA
8. Nthiwa Kilonzo. Alituma habari kwamba ng'ombe wake anazaa.
9. Mumbua Kasyoka. Hakutuma habari. Ameonekana sokoni.

KUMB. NA. 1/09/2024: KUFUNGUA
Mwenyekiti alimwomba Ndunge afungue kwa maombi. Ndunge aliomba kwa dakika kumi na moja. Aliombea mvua, aliombea watoto wa shule, na aliombea "mikono inayotupiga picha". Mikono inayoandika haikuombewa.

Mwenyekiti aliwashukuru wanachama kwa kumaliza ukuta wa bwawa la mchanga, lile la kutuwekea maji. Alisema kilichobaki ni kugawana ploti za mboga zilizo chini ya bwawa, kabla mvua ya Novemba haijatukuta tukiwa bado tunaongea.

KUMB. NA. 2/09/2024: KUMBUKUMBU ZILIZOPITA
Katibu alisoma kumbukumbu za Agosti na zikakubaliwa. Kanini, ambaye ndiye mdogo wetu, aliuliza kama siku zijazo kurasa za kitabu haziwezi kupigwa picha na Kathini zitumwe kwa simu, kila mtu ajisomee nyumbani. Katibu alijibu kwamba yeye alisoma mpaka darasa la nne, na kwa darasa hilo la nne ameandika kitabu hiki miaka kumi na moja, na hakuna siku panya wala mvua imekigusa. Mtu akitaka kujua yaliyosemwa, aje kikao.

KUMB. NA. 3/09/2024: MALALAMIKO KUHUSU PICHA
Kwa wale wanaosahau: mwezi wa Julai wale wanaotusaidia na simiti waliomba picha za kazi. Kathini alijitokeza na kamera mpya aliyonunuliwa na mwanawe Gedion, mwenye duka mjini Sultan Hamud. Ni kamera ya kweli ya kuning'iniza shingoni, si ya simu. Kabla ya hapo hakuwa amewahi kushika kamera maisha yake yote. Siku hiyo hiyo Ndunge alisema kitabu cha katibu kinapendelea watu, na Kathini akamuunga mkono. Ikapitishwa sheria, Kumb. Na. 6/07/2024, kwamba mahudhurio ya mwethya, yaani siku zetu za kazi ya pamoja, yataangaliwa kwenye picha. Asiyeonekana kwenye picha hakuja. Katibu aliiandika sheria hiyo kwa mkono wake mwenyewe. Hata hivyo aliendelea na kitabu chake kila siku ya kazi, na hakuna aliyemtuma.

Ndunge alilalamika kwamba katika picha tatu amepigwa kwa nyuma akiwa ameinama. Alisema wale wa simiti sasa wanajua mgongo wake kuliko uso, na Kanini uso wake umetoka vizuri mara sita. Kathini alieleza kwamba Kanini husimama akiambiwa asimame. Ndunge alisema hata yeye angesimama kama angeambiwa.

Mbatha aliamshwa akaulizwa. Alisema yeye hana kichwa. Ilihakikishwa kwamba ni kweli, katika picha zote mbili amekatwa shingoni.

Mzee Kiema alisema yeye hana lalamiko, picha ni nzuri sana. Katibu aliwaeleza wanachama sababu ya picha kuwa nzuri sana kwa Kiema. Kiema anaonekana amebeba mawe manne makubwa. Mkitazama vizuri kila jiwe lina mstari mweupe upande wa kushoto. Ni jiwe moja. Alilibeba, akalirudisha, akalibeba tena, mara nne, akingoja Mama Gedion afumbe jicho. Kiema alisema lilikuwa jiwe zuri.

Katibu aliongeza kwamba tangu kamera ije, watu wanakuja mwethya na vitambaa vya kanisani kichwani, na wengine wamejipaka mafuta usoni mpaka wanang'aa kama sufuria mpya. Ukuta uliokuwa ukipanda mistari miwili kwa siku ulianza kupanda mmoja. Na ile Jumanne ya tarehe 20 Agosti, siku tuliyobeba mawe mengi kuliko siku zote, picha zote zilitoka nyeusi ti. Kathini alikiri kwamba hakutoa mfuniko wa mbele ya kamera, na kwamba aligundua jioni akiwa nyumbani. Aliomba msamaha, akasema bado anajifunza. Katibu aliuliza, mtu akiwa anajifunza kupika, wengine wote wanakula nini.

Mwenyekiti alimuuliza Kathini kwa nini asimwachie Kanini kamera, kwa kuwa Kanini ni kijana na anaielewa. Kathini alijibu kwamba mumewe alipokufa, picha iliyowekwa juu ya jeneza ilitolewa kwenye kitambulisho ikakuzwa, na hata watoto hawakumtambua baba yao. Alisema hakuna picha nyingine ya mzee huyo popote duniani. Kwa hiyo anajifunza mwenyewe, hata kwa kukata watu vichwa, na hamwachii mtu.

Marehemu Nyamai alikuwa mtu mzuri. Hilo halihusiani na ploti.

KUMB. NA. 4/09/2024: KUGAWA PLOTI
Mwenyekiti alieleza kwamba zilipimwa ploti nane. Wanachama ni tisa. Mtu mmoja lazima akose, na atakuwa yule aliyekuja mwethya mara chache zaidi. Aliuliza kama kuna mtu anayemjua mtu huyo.

Katibu alisema hakuna haja ya kutafuta, sheria ipo. Zilikuwa siku tano za kazi. Kathini Nyamai haonekani kwenye picha hata moja. Kwa sheria ambayo yeye mwenyewe aliiunga mkono, hajawahi kuja.

Kathini alisema haonekani kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akipiga. Katibu alijibu kwamba hilo si jambo la sheria, na kwamba kufumba jicho moja si kazi. Tangu lini mtu akalipwa ploti kwa kufumba jicho? Sisi wengine tunafumba yote mawili na hatulipwi.

Kathini alisimama. Alisema shamba lake liko juu kwenye mawe, kila mtu hapa analijua. Maji anayapata kwa punda wa kukodi, na tangu abaki peke yake hajala mboga aliyopanda mwenyewe. Alisema hataki ploti ya kwanza wala ya pili, hata ile ya mwisho yenye mchwa ataichukua. Kisha alimgeukia katibu.

"Mama Mutinda, wewe unajua nilikuja."

Katibu alisema kinachojulikana ni kile kilicho kwenye picha, maana ndivyo mlivyotaka.

Hapo mwenyekiti aliuliza swali ambalo halikuwa kwenye ajenda. Alisema zile picha za tarehe 20 ni nyeusi, kwa hiyo kwa sheria ya picha siku ile hakuja mtu yeyote, wala yeye, wala Kiema na jiwe lake. Tutajuaje nani alikuja? Alimuuliza katibu kama ile siku aliandika kitabu.

Katibu alisema aliandika.

"Na Kathini yumo?"

Ni lazima ielezwe kwamba mwandiko wa kitabu hicho hausomwi na mtu mwingine isipokuwa katibu. Wamejaribu. Mwenyekiti alijaribu akasoma "mbuzi" mahali palipoandikwa "Mbithi". Kwa hiyo wote walikuwa wakimngoja katibu.

Katibu alifungua kitabu, akasoma kama kilivyo:

"Tarehe 20/08. Kathini N. Alifika saa mbili kamili, wa kwanza. Ameondoka saa saba. Hakubeba kitu. Kamera tu."

Mwenyekiti aliomba siku nyingine zisomwe pia. Zilisomwa. Wote tisa wamo siku zote tano, Kathini pia, na siku tatu kati ya hizo Kathini ndiye aliyefika wa kwanza. Ndunge alisema anarudisha neno lake la Julai kuhusu kitabu kupendelea watu. Katibu alimwomba alirudishe kwa sauti ili waliokaa nyuma wasikie. Alirudia.

Mwenyekiti alisema basi wote tisa walikuja siku zote tano na tumerudi tulipoanzia, watu tisa ploti nane. Mzee Kiema, ambaye bado alikuwa na hasira ya jiwe, alipendekeza sasa iangaliwe ni nani alibeba na ni nani hakubeba. Kanini alichukua kamera akafungua picha moja moja kwenye kioo chake kidogo, ikapitishwa mkono kwa mkono.

Katika picha hizo katibu anaonekana mara saba. Mara zote saba amekaa chini ya mwavuli, akiandika. Amekalia karai lililogeuzwa.

"Hilo karai tulilitafuta mwezi mzima," alisema Kiema. "Mimi nilibebea mchanga kwenye ndoo ya mke wangu, na mwenye karai yuko hapo amelikalia."

Katibu alieleza kwamba ana umri wa miaka sabini na moja na goti moja halipindi. Alieleza pia kwamba kuandika ni kazi, tena kazi ya jua, na kwamba bila mtu wa kukaa na kuandika, waliobeba na wasiobeba wangekuwa sawa.

Kanini, ambaye humwita katibu susu, yaani bibi, alisema, "Susu, hiyo maneno ndiyo Mama Gedion alikuwa anasema saa ile."

Katibu hakujibu. Inaandikwa kwamba hakujibu.

Picha ya mwisho katika zile saba ilipofika kwa katibu, aliishika muda mrefu kuliko wengine, kwa sababu ya macho. Hiyo imepigwa karibu. Kichwa hakikukatwa. Mkono unaonekana, kalamu inaonekana, hata mstari wa kitabu unaonekana. Uso umetulia.

Mwenyekiti alitoa uamuzi. "Mwenye kuandika na mwenye kupiga picha, nyinyi wawili hamkubeba jiwe. Lakini bila mmoja hatungepata simiti, na bila mwingine leo tungepigana hapa. Saba wachukue ploti saba. Ya nane ni yenu wawili."

Katibu alipinga. Alisema afadhali akose kabisa. Mwenyekiti alimuuliza kama aandike kwamba katibu amekosa kabisa. Katibu alisema mwenye kuandika ni yeye, na hataandika hivyo.

Ilipigwa kura. Waliokubali ni watano, pamoja na Mbatha aliyeamshwa. Aliyekataa ni mmoja. Kathini hakuinua mkono upande wowote. Uamuzi ulipita. Katibu aliomba mpaka uwekwe katikati ya ploti kwa kamba. Mwenyekiti alisema hakuna mpaka, ploti ni moja.

KUMB. NA. 5/09/2024: MENGINEYO
(a) Sheria ya Kumb. Na. 6/07/2024 ilifutwa. Mahudhurio yatasomwa kitabuni. Picha ni za watu wa simiti.

(b) Karai lirudishwe kwenye stoo leo. Katibu ataleta kiti chake kutoka nyumbani.

(c) Katibu aliomba ile picha ya karibu ichapishwe na iwekwe kwenye faili ya kikundi. Kathini alisema atachapisha mbili. Katibu hakuuliza ya pili ni ya nani.

(d) Kathini alisema ile ploti ya nane inafaa sukuma wiki. Katibu alisema inafaa nyanya, na mtu yeyote aliyewahi kulima anajua. Kathini alisema kesho ni kanisa, lakini Jumatatu saa moja asubuhi atakuwa kwenye ploti na jembe, na atakayemkuta ameanza atakuta ameanza na sukuma. Katibu alisema yeye atakuwa huko saa kumi na mbili. Kathini alisema saa kumi na moja na nusu. Katibu alisema saa kumi na moja, goti na yote. Kathini aliuliza kama saa hiyo kutakuwa na mwanga wa kupiga picha. Katibu alijibu kwamba kitabu kinaandikwa hata kwa taa.

Mwenyekiti alisimamisha mashindano hayo kabla hayajafika usiku wa manane, akamwomba Mzee Kiema afunge kwa maombi mafupi. Yalikuwa mafupi. Watu walienda kula muthokoi saa nane na dakika arobaini.

Yamesomwa na kukubaliwa kuwa ndiyo yaliyosemwa:

Mwenyekiti: Nzioka Mbithi ....................

Katibu: Syombua Ndululu ....................
(Jembe langu liko kwa Mzee Kiema tangu Juni. Alirudishe leo hii kabla jua halijazama.)