Sombe ya Shamba la Leta

Kambi ya Dzaleka, mvua za kwanza zimeanguka

Kwa Mama yangu, mzazi wa Mapendo na wangu mimi kitindamimba,

Kabla hujafungua mdomo kusema "huyu Asukulu ameandika sababu anataka kitu," kaa chini kwanza. Sitaki kitu. Mgongo wako unasemaje? Unapumzika, ama ungali unabeba kuni kama punda na kusema ni msalaba wako? Koko, na uzee wake, anakula vizuri? Na kule milimani kunasikika nini? Redio ya hapa leo inasema vita imeisha, kesho inasema imeanza upya, mpaka bazee banaizima na kuanza kusali. Ambia katekista akuandikie majibu, lakini asiongeze mahubiri yake.

Barua hii anakuletea yule mama wa vitenge anayepita Kigoma. Umupe kiti na maji. Akikuambia nimekonda, ni mwongo.

Sisi tuko wazima. Mapendo iko muzima, batoto bake bako bazima, yule mudogo sasa anazungumza Chichewa kuliko sisi wote na anatutukana nayo. Mi nimekuwa mutu mukubwa hapa. Usicheke. Soma mpaka mwisho njo ucheke.

Leta, hii serikali ya Malawi, ilitupokea vizuri, siwezi kusema uongo. Lakini leta iko na sheria yake: mukimbizi akae kambini, ale posho. Posho ni mahindi na maharagwe, nayo inapungua tu. Kwa hiyo Mapendo alienda kukodi kashamba katika kijiji cha jirani, yeye na bamama bengi ba kwetu, ba Fizi na Uvira. Sheria haikubali sana, haikatai sana. Mfumu, njo vile banaitaka chefu wa kijiji, anafumba jicho moja. Ila anakodisha msimu mmoja tu: mukivuna mahindi munatoka, kisha munarudi kumuomba upya kama bageni ba jana.

Basi mwaka mmoja mvua ikafanya ukorofi, mahindi yakakauka yamesimama. Njaa ile, Mama, hata benyeji balikula pumba. Bakubwa ba leta kule Lilongwe bakakaa, bakafikiri, bakasema: kosa letu ni kutegemea mahindi peke yake, sasa tupande muhogo. Bakaleta vijiti, bakalima shamba la mfano kando ya barabara, karibu na nyumba ya Mfumu. Ungeona tulivyocheka! Bantu bazima banafundishwa kushika kijiti cha muhogo kama banashika mutoto mchanga. Lakini tulicheka kwa mbali, sababu mpango ulikuwa wa benyeji. Sisi tulioota meno tukitafuna muhogo, hatukupewa hata kijiti cha kuchokonolea hayo meno.

Muhogo ukaota. Majani yakatoka, Mama, laini, yanang'aa, yale yenyewe unayochagua kwa vidole viwili. Nikapita siku ya kwanza, nikameza mate. Nikapita ya pili. Ya tatu nikachukua mufuko.

Weye mwenyewe unajua, kwetu nani anamunyima jirani sombe, majani ya muhogo tu? Mutu anaingia shambani mchana kweupe anachuma, na mwenye shamba akimuona anapiga kelele tu: "Usivunje kichwa cha muti, we!" Njo vile nilifanya. Sikujificha. Niliimba hata wimbo wa kwaya, na sehemu ya soprano niliweka mwenyewe.

Nikasikia: "Wakuba! Wakuba!"

Nikageuka nimuone huyo mwizi. Ni mimi.

Balinikamata, balinifungia mufuko shingoni kama kengele ya ng'ombe, balinipeleka kwa Mfumu. Mfumu ni muzee mufupi mwenye sauti ndefu. Akasema: "Muhogo huu ni wa serikali. Wewe unaung'oa manyoya ungali hai?" Nikajibu kwa Chichewa changu cha kuokota kwamba majani ni mboga, tunakulaka. Kijiji kizima kikacheka. Mama mmoja akasema mbuzi wake alikula majani yale na akafa, sasa huyu kijana anataka kumaliza na bantu.

Hapo Mfumu akakasirika kweli. "Mnakula miti, mnaharibu mpango, kesho serikali itasema ni mimi. Mwisho wa msimu huu watu wa kambi watoke katika mashamba yangu. Wote. Na msirudi."

Wote, Mama. Si mimi peke yangu.

Mapendo hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alikaa mlangoni, akasema polepole: "Asukulu, umekula chakula cha batoto bangu hata kabla hakijapandwa." Bamama bengine balipita mbele ya nyumba yetu habasalimii.

Basi siku ya pili akaja mukubwa wa kilimo kutoka Capital Hill, kule ofisi za leta ziko, kukagua shamba. Ni mwanamke, wote banamuita Madamu, na viatu vyake havikuogopa matope. Nikamwambia Mapendo: "Twende." Akasema: "Kwenda kufanya nini, kumalizia?" Lakini alivaa kitenge chake.

Tulikuta Mfumu amekwisha kushitaki. Madamu akaniangalia. "Ni wewe mwenye kula majani?"

"Njo mimi, Madamu. Na nilikuwa nachuma vizuri. Angalia miti yako, iko hata kichwa kimoja kimevunjika?"

Akaenda kuangalia kweli! Akarudi, akauliza nani anapika. Nikamuonyesha Mapendo, naye akanikanyaga mguu.

Balituletea kinu na chungu. Mapendo alitwanga yale majani ya mufuko wangu, na kidogo mengine Madamu aliruhusu yachumwe. Mawese hapa hakuna, akatia karanga za kusaga na kitunguu, akachemsha muda murefu mpaka harufu ya ukali ikaisha. Bantu balijaa kama kwenye harusi. Yule mama wa mbuzi alisimama mbele kabisa, anangojea maiti.

Chakula kikaiva. Mfumu akanisogezea sahani. "Kula kwanza wewe."

Nikala. Nikafumba macho, nikashika tumbo, nikalegeza shingo kidogo hivi. Mama wa mbuzi akapiga yowe! Nikafumbua jicho: "Nasikia utamu tu." Mapendo akanipiga kofi la kisogo mbele ya leta nzima, na bantu bakacheka mpaka kinu kikaanguka.

Lakini Madamu hakucheka. Yeye alikuwa amekwisha kumega nsima, ugali wa hapa, amechovya, anatafuna. Akatafuna tena. Akasema: "Kwetu Nkhata Bay, kando ya ziwa, mama alipika hivi na samaki mkavu. Tangu nije Lilongwe sijaonja." Kisha akamugeukia Mfumu. "Mfumu, mzizi unangojewa mwaka na zaidi. Watu wako watakula nini wakiungojea? Majani yako hapo, na sisi hatukuandika hata neno moja la kuyafundisha."

Mfumu akamega kipande kidogo kama cha ndege. Kisha kikubwa. Kisha akavuta sahani karibu yake, mutu asimuguse.

Nikaona njia imefunguka. Nikasema: "Dada yangu atafundisha bamama bote ba kijiji, kutwanga na kuroweka muhogo muchungu. Lakini mutu hafundishi kama amefukuzwa, Madamu. Na hafundishi muhogo wakati yeye mwenyewe hana hata kijiti kimoja."

Madamu akasema mpango hauna mahali pa wakimbizi, yeye hawezi kuandika majina yetu. Halafu akasema: "Lakini vijiti ninakipa kijiji. Shamba ni la Mfumu. Nani ameshika jembe, hilo ni lake kuamua. Na kule juu nitaandika ripoti, kwamba sheria ituache tuwahesabu na wakimbizi."

Wote tukamuangalia Mfumu. Mapendo alipiga magoti, si kwa kuomba kama siku zote. Aliuliza kama mukulima: "Mfumu, muhogo hauvunwi pamoja na mahindi. Nikipanda, utaniacha mpaka nichimbe?"

Muzee akalamba kidole. "Nani anamfukuza mtu muhogo ukiwa bado mwembamba? Panda. Pandeni wote. Lakini huyu mdogo wako asiimbe tena katika shamba langu."

Sasa sikia maringo yangu. Vijiti tulivifuata Lilongwe sisi na Mfumu, ofisi ya kambi ikanipa ruhusa ya kutoka. Mulinzi wa Capital Hill akauliza ninatafuta nani. Nikasema: "Madamu wa muhogo, ananijua." Akampigia simu, na kweli akanijua! Tukarudi juu ya lori la leta, mimi nimekaa juu ya vijiti kama mwami kwenye kiti cha ufalme. Tulipopita Old Town na soko lake nikapunga mukono kwa bantu nisiowajua. Kule Mtandire, mahali bandugu zetu ba Bukavu banaishi na cherehani zao, mumoja akanitambua, akapiga kelele: "Asukulu, unapeleka wapi kuni?" Nikamjibu: "Weye ita kuni! Utakuja kununua sombe kwangu na utapanga mustari!"

Na amekuja, Mama, kununua majani ya lile shamba la mfano, sababu Mfumu sasa anatuachia tuchume. Amepanga mustari. Bibi ya Mfumu alikuwa mbele yake.

Ripoti ya Madamu bado hatujui imefika wapi, leta inatembea na miguu yake. Lakini vijiti viko udongoni. Mapendo alipanda mwenyewe, mustari kwa mustari, hakutaka nimsaidie. Alipomaliza alisimama katikati ya shamba, mikono kiunoni, akasema: "Hapa nitachimba." Tangu tukimbie sijamsikia akitaja mwaka unaokuja.

Salimia Koko, umwambie jino lake lile lililobaki alitunze. Salimia baba mudogo shemasi, na mke wake anayenidharau, umusomee hii barua mara mbili. Salimia shangazi muuza chumvi, na jirani wetu mwenye shamba la sombe, umwambie mi namushukuru kwa miaka yote aliyopiga kelele bila kuita polisi.

Na weye, Mama. Zamani nilikuandikia usije, hapa ni kugawana posho tu. Sasa nakuandikia: njia ikikubali hata kidogo, uje na yule mama wa vitenge. Koko abebwe. Mapendo amekuachia mistari ya mwisho, upande wa kivuli, hajapanda kitu. Anasema hapo ni pa Mama.

Ni mimi mutoto wako,
Asukulu, mwonjaji wa kwanza wa Mfumu