Pua ya Ndege Iliyopakwa Majivu

S.L.P. 217,
Malindi.
Ijumaa, 14 Novemba 1986

Mpendwa dada yangu Mwanasiti,

Kwa heshima na taadhima, na hata kabla sijakuamkia, nakutangazia rasmi wewe na wote mlioko Maskati kwamba Jumamosi iliyopita, asubuhi, uso wa ndugu yako Gharib ulionekana ndani ya pua ya ndege. Ulionekana wote, pamoja na lile kovu la tetekuwanga unalolijua. Pua yangu ilitokea kubwa kuliko ilivyo, lakini hilo ni kosa la umbo la chuma, si langu.

Baada ya tangazo hilo, shikamoo dada. U hali gani? Shemeji Zein hajambo? Na lile goti lako linaendeleaje? Barua yako ya mwezi wa tisa tuliipata salama. Ile habari ya mashine ya baridi, kwamba nje jua linapasua mawe na ndani watu wamejifunika mablanketi, mke wangu Jaha aliisoma mara mbili, kisha akaniuliza kama kweli mtu anaweza kuvaa sweta Uarabuni. Nikamwambia nitakuuliza. Basi nakuuliza.

Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Muyeye ni ile ile, kelele ni zile zile, na jirani amenunua redio kubwa kuliko chumba chake.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Baba mkwe, Mzee Jaafar, hajabadili neno. Nisipopata kazi ya kudumu kabla ya mwaka kwisha, nihamishe mke na virago niende Magarini nikamsaidie dukani. Si mtu mbaya, wala sisemi ni mbaya. Lakini lile duka nalijua. Toka alfajiri uko nyuma ya mizani, unapima sukari, unapima maharagwe, unarudi kwenye sukari, na yeye amekaa kitini anautazama mkono wako kama askari wa forodha. Hakuna kitu pale cha kumfanya mtu aulize kwa nini. Nami, unanijua, nikikaa siku nzima bila kuuliza kwa nini, kichwa huniuma. Ameshaniambia kuwa atakuandikia wewe, kwa sababu ndiwe mkubwa wetu tangu mama alipotutoka, na kauli yako ndiyo atakayoifuata. Kwa hiyo soma taratibu haya yafuatayo.

Tangu mwezi wa nane niko uwanja wa ndege, kwa majaribio, katika kampuni ndogo inayowachukua watalii kuwapeleka Lamu na mbugani. Kazi yangu ni kuosha ndege. Usicheke. Ndege huoshwa kama punda: huanzi nyuma, na humshtui. Kitu cha kwanza nilichofundishwa na Kioko, fundi wetu, Mkamba mwenye maneno machache kuliko skrubu zake, ni kwamba rafadha, ile pangaboi ya mbele, haisukumwi kwa mkono hata ikiwa imelala. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Kwa sababu huenda haijalala." Siku tatu nilikuwa nikiipita kwa kuizunguka.

Pale mbele kabisa, rafadha inapozungukia, kuna kofia ya aluminiamu iliyochongoka, kama sufuria iliyovutwa kitako. Mafundi wana jina lao la Kizungu, sisi twaiita pua. Hewa yetu ya chumvi huila ikawa na ukungu, na ukungu huo ndio adui mkubwa wa Kapteni. Kapteni ndiye mzungu mwenye kampuni, na rubani ni yeye mwenyewe. Kila asubuhi huinama mbele ya ile pua akachana nywele zake, nazo ni chache, lakini kila mmoja ana haki ya kuchana alizo nazo.

Mimi nikaanza kujiuliza. Pua ikizunguka, nani aionaye ikiwa imeng'aa au haikung'aa? Na ndege ikisimama, abiria wote huingia kwa mlango wa ubavuni. Nikamuuliza Kioko. Akasema chuma kikiwa safi ufa huonekana mapema. Nikamuuliza Kapteni. Akasema abiria mwenye hofu huitazama ndege usoni kabla ya kupanda, na uso ukiwa mchafu hujiuliza injini nayo ikoje. Nikarudi nyumbani nikamuuliza Jaha. Naye, bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa akiuchagua, akasema, "Wewe ungekula kwa mpishi mwenye sufuria nyeusi?" Majibu matatu, na yote niliyaona ya kweli. Hapo ndipo kazi hii iliponinasa.

Jumatatu ya wiki ile Kapteni akatuita. Jumamosi anakuja mgeni mkubwa kutoka Nairobi. Ndege iwe safi mpaka ndani ya magurudumu, na pua iwe kioo. Akanitazama mimi. "Gharib, ikiwa kioo, mimi naandika wewe kazi. Kama si kioo, kwaheri." Kiswahili chake kina mashimo, lakini maana haikudondoka hata moja. Mgeni ni nani, hakusema. Randu, mlinzi wetu, Mgiriama wa kule Jilore anayejua kila kitu ila yanayomhusu, alisema ni mtu wa serikali anakuja kuhesabu boliti. Kioko akasema yeye hajali ni nani mradi asiguse kitu.

Jumatano Kioko akaifungua ile pua, akaiweka juu ya meza ya bandani, akanipa kopo la dawa ya kung'arishia, kisha akaenda Mombasa kutafuta kipuri. Dada, lile kopo lilikuwa dogo kama la wanja wa macho, na kuelekea chini lilikuwa tupu. Nikaitazama pua. Ikanitazama. Nikasema, hii si ni sufuria tu?

Na kuhusu sufuria hakuna aliyezaliwa Muyeye wa kumfundisha mke wangu. Zile zake za shughuli huazimwa mtaa mzima, na kwenye harusi wapishi huzipanga mbele watu wazione. Dawa yake ni majivu ya makumbi ya nazi na ndimu. Husugua kwa nguvu, halafu humwaga maji papo hapo. Nilikuwa nimeliona hilo kila siku ya ndoa yangu. Lakini mimi sikuishia kuona, nikafikiri, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Nilifikiri hivi. Hina ukiipaka na kuiosha papo hapo, haishiki. Ukiipaka ukaifunga kitambaa ukaiacha, inakolea. Basi na majivu, ambayo kwa dakika moja huing'arisha sufuria vile, yakiachwa kutwa yatafanya maajabu gani? Ndimu nikaiacha, nikaona itayapunguza makali. Nikakoroga majivu kwa maji yakawa mazito, nikaipaka pua yote kwa kituo, nikaifunga kwa vitambaa vilivyolowa, nikaiweka kivulini. Randu akapita, akasimama.

"Gharib, hiyo umeitia hina?"

"Nimeitia dawa."

"Na upande wa bwana harusi wameshapewa habari?"

Nikamwambia aende akalinde.

Jioni nikaifungua na kuimwagia maji. Dada yangu, sijui nikueleze kwa rangi gani. Ilikuwa kijivu kilichoelekea weusi, yenye mawingu mawingu, kama mbingu ya masika inayojiandaa kumwaga. Nikasugua, ikazidi. Nikaipeleka juani, nikaona mistari ya vidole vyangu imebaki humo kama alama za mwizi. Randu alirudi, akaiangalia kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na mzaha. Akasema tu, "Kwani Magarini ni mbali sana?"

Nilimweleza Jaha. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniogopesha. Aliniuliza niliyaacha muda gani. Nilipomwambia, akakaa kitako. "Majivu hula," akasema. "Ndiyo maana yanang'arisha. Mimi hula nayo kidogo nikayaondoa. Wewe umeyaachia sahani." Kisha akaanza, polepole, kutoa nguo kabatini, kuangalia zipi zitakwenda Magarini na zipi atampa dada yake. Nilikaa pembeni nikihesabu vigae. Hakuna jambo linalomfundisha mtu kama mke anayekunja nguo bila kusema.

Alhamisi Kioko akarudi na kipuri chake. Nilimwonyesha. Alipitisha kidole gumba juu ya lile wingu, akakinusa.

"Nini hii?"

"Majivu."

"Ya sigara?"

"Ya makumbi."

Halafu akacheka mpaka akashika meza, na mimi ambaye sikuwahi kuyaona meno yake nikayaona yote. Alipomaliza akasema pua haijaliwa ndani, ni juu juu tu, lakini nitalipa kwa mabega yangu.

Akanipa msasa wa maji, wa ngazi nne. Wa kwanza unakwaruza, wa mwisho laini kama karatasi hii niandikiayo. Sheria yake ni kwamba kila ngazi usugue kukatisha mistari ya ngazi iliyopita, mpaka usiione tena, na usiwe na haraka ya kupanda. Ukiruka ngazi, mwisho wa kazi mistari ile itarudi kukutolea ushahidi. Siku ile na kutwa ya Ijumaa, isipokuwa sala na chakula, nilisugua. Halafu ikaja ile dawa kidogo ya kopo, na kitambaa cha kanga ya zamani ya Jaha, ambayo kwa kufuliwa imekuwa laini kuliko hariri. Jaha aliileta mwenyewe uwanjani, akakaa juu ya ndoo akasugua upande wa pili. Randu alitaka kuuliza kitu, akamwona Jaha, akaacha.

Hapo nikaona jambo ambalo hadi leo silielewi. Chuma ni cheupe, dawa ni ya waridi, lakini kitambaa hutoka cheusi tititi. Na kadiri kinavyokuwa cheusi, ndivyo pua inavyong'aa. Nilimuuliza Kioko huo weusi unatoka wapi. Akasema nimuulize aliyeiumba aluminiamu. Shemeji Zein anafanya kazi na wahandisi, naomba amuulize mmoja kwa niaba yangu, na jibu uniandikie hata kama ni refu.

Jumamosi asubuhi pua ilikuwa mahali pake. Ndani yake ulikuwamo uwanja wote, mnara na bendera na Randu amejipinda kama ndizi. Kapteni akaja, akainama, akatoa kitana, akasahau kuchana. Kisha akageuka akanipa mkono mbele ya watu wote. "Gharib, toka leo wewe mtu ya kampuni." Papo hapo akaingia ofisini akanipigia chapa barua ya ajira ya kudumu, akaigonga muhuri.

Mgeni alifika kabla ya adhuhuri, bwana mnene mwenye tai. Hakuhesabu boliti. Alisimama mbele ya pua, akainyoosha tai yake humo, akajitabasamia, akaizunguka ndege mara moja, akarudi palepale akajitazama tena. Watu wa Nairobi nao wana mambo yao.

Kwa hiyo Mzee Jaafar akikuandikia, mjibu kwa utulivu kwamba ndugu yako ameajiriwa kwa kudumu, kazi yake ni kung'arisha ndege, na barua imegongwa muhuri. Kila neno hapo ni kweli, unaweza kuliapia. Jaha amerudisha nguo kabatini.

Nisalimie shemeji Zein, na mwanao Harusi mdogo, umwambie mjomba wake amemwona kwenye picha na kwamba meno yake ya mbele yatarudi. Jaha anakuamkia sana. Kioko naye, nilipomwambia ninakuandikia, alitikisa kichwa, na kwake hiyo ni salamu ndefu.

Mola awafunike kwa rehema yake usiku na mchana, alipe goti lako nguvu, na atukutanishe tungali tunajuana kwa sura.

Wako akupendaye,
ndugu yako Gharib

Nilisahau jambo moja. Ukimjibu Mzee Jaafar, usiitaje ndege yenyewe. Yule bwana wa Nairobi aliinunua siku ile ile, akaondoka nayo alasiri. Kampuni haina nyingine.