Friza ya Msiba

Duka la Tubbs,
Barabara ya Kanisa,
Pinder, Mississippi.
14 Novemba, 2023

Mpendwa Kaka Cleotha,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Goti lako linaendeleaje na baridi ya Chicago? Wifi yangu Lorraine hajambo? Sisi tunapumua, Mungu anatusitiri, ila shinikizo langu la damu limepanda tena, na barua yako imechangia.

Umeniandikia kwamba nimelitupa duka la baba kwa sababu ya matanga. Najua ni mume wangu Hosea aliyekupigia simu, mdomo wake hauna kufuli. Basi nisikilize na mimi.

Tangu lile duka kubwa lifungwe, nusu ya watu wa Pinder wanaishi kwa kadi za chakula za serikali, nami sina kibali cha kuzipokea. Wanapita mlangoni kwangu, wananipungia mkono, wanakwenda kununua maziwa mji wa mbali. Bila kibali hicho duka hili litakufa. Kwa hiyo mwanzoni mwa mwaka niliomba. Masharti yenyewe si ya kutisha: rafu ziwe na nyama, maziwa, mikate na nafaka, mboga na matunda, kila kundi aina kadhaa, na visikosekane. Kambare wangu wa kukaanga hawahesabiki, maana chakula cha moto hakilipiwi kwa kadi. Kisha hutumwa mtu kuja kupiga picha, na hasemi anakuja lini.

Nilijaza duka mpaka Hosea akawa anapita kwa ubavu. Halafu Bi Odessa akafariki.

Kaka, wewe umezaliwa hapa. Mtu akifa Pinder, duka hili hupeleka chakula msibani bila kuombwa. Ndivyo alivyofanya baba, na babu kabla yake. Wanawake wa kanisani walikuja asubuhi, wakabeba mapaja ya nguruwe, maziwa, unga wa mahindi, sukuma wiki, hata ndizi. Sikuwaza kitu kingine chochote. Walipotoka tu, likasimama gari jeupe.

Ndiye mpiga picha aliyetumwa, kijana mpole. Akatazama rafu tupu, akanitazama mimi. Hosea akanivuta pembeni.

"Kimbia msibani ukarudishe japo maziwa!"

"Nikawapokonye wafiwa? Una wazimu wewe?"

"Mwenye wazimu ni wewe, unayelizika duka pamoja na Odessa!"

Nikamweleza yule kijana ukweli wote, nikamkaribisha sahani ya kambare. Akakataa. "Tumekatazwa kupokea chochote, mama. Na sina budi kupiga picha ya ninachokiona." Akapiga. Hakuuliza hata aliyekufa ni nani, na hilo liliniuma kuliko zile picha.

Tukanyimwa. Tukaambiwa tungoje nusu mwaka ndipo tuombe tena. Nimeshaomba. Tukikosa safari hii nafunga duka, sitakuficha. Kila gari likipunguza mwendo hapo nje, nakimbilia dirishani. Na sasa Bwana Rufus, yule aliyekuwa kinyozi wa baba, yu mahututi. Hosea anamwombea uzima kwa bidii ambayo sijawahi kuiona kwake hata siku ya Pasaka.

Mchungaji alipoyasikia yetu, alituletea friza ya jiko la kanisa. Tumeiweka stoo. Vya mbele ni vya dukani, havitoki bila kununuliwa na kujazwa tena siku ile ile. Ya nyuma ni friza ya msiba, na kila mwenye uwezo hutia alichonacho. Wengine wanacheka kwamba Verlene anawasubiri wafe. Waache wacheke, watakula.

Hasira zako nazielewa, duka ni la baba yetu sote. Lakini kumbuka siku tuliyomzika mama. Ulikataa kula mpaka Bi Odessa alipokaa kando yako akakulisha kwa mkono wake, nyama iliyotoka kwenye rafu hizi hizi. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nilikuona. Mtu huyo ningemnyimaje chakula siku yake?

Msalimie sana Lorraine, na umwambie Tamika kwamba shangazi yake anamsubiri Krismasi. Hosea anakusalimu, ingawa mimi na yeye bado tunaongea kwa kukunja uso. Mungu alilinde goti lako na roho yako, akulete nyumbani ukiwa mzima.

Mimi dada yako nikupendaye hata ukinigombeza,
Verlene

N.B. Sijaifunga bahasha. Bwana Rufus amefariki alfajiri ya leo. Wanawake walikuja, nikawafungulia friza ya nyuma, na walipokuwa bado wanabeba likasimama gari jeupe. Alikuwa yule yule. Amepiga picha rafu zote, na zote zimejaa. Jibu tutaletewa. Sahani ya kambare ameikataa tena. Ila alipokuwa anatoka aliwapisha wanawake na mizigo yao, akavua kofia, akaniuliza aliyefariki alikuwa anaitwa nani.