Shikamoo kwa Mvumo wa Mhezi

Mama, shikamoo. Kule chini Same jua linaunguza, lakini huku juu mlimani Mhezi ukungu umetuingilia hadi kitandani.

Pembe yetu ya bati, antena ya sisi watafiti, inapima joto lililobaki tangu ulimwengu uanze na kuligeuza sauti. Tuielekeze kokote angani, tuizungushe vyovyote, inaleta mvumo uleule, kama mvua ya mbali.

Jana mchana balozi wa nyumba kumi alimleta bibi yake, mkongwe kuliko wote kijijini, asiye tena na mtu wa kumpa shikamoo. Nikamvalisha spika za masikioni. Akasikiliza, akakunja goti.

"Shikamoo," akasema. Akangoja, kisha akatabasamu. "Ameitikia."

Leo nami nimeuamkia mvumo, halafu nikauzima mtambo haraka kabla sijajibiwa.

Nikifika nyumbani, mama, uniitikie kwa sauti, nijue ni wewe.

Mwanao, Elibariki