Kosa Aliloliona Shangazi Uzoamaka

Odenigwe, Nsukka,
19 Agosti 2023.

Mpendwa Baba Mdogo Obiora,

Pokea salamu za nyumba nzima. Baridi ya Johannesburg imepungua? Na kile kifua chako kimepona? Sisi hatujambo. Mvua imetulia kidogo, na tumekwisha kula viazi vikuu vipya. Bibi anasikitika kwamba wewe huko unakula vya makopo.

Baba alitusomea ujumbe wako kwamba Jumapili ijayo utautangazia mkutano wa chama cha watu wa kwetu kuwa Shangazi Uzoamaka amegundua shimo jeusi. Tafadhali, usitangaze hivyo.

Unajua kazi yake. Katikati ya galaksi kubwa huwa kuna shimo jeusi, na gesi inayoliangukia huwaka na kutoa eksirei. Mashimo mengine, hata katika galaksi za jirani, yamezingirwa na vumbi zito, na ni eksirei kali tu zinazopenya, kama zinavyopenya nyama tukaona mfupa. Setilaiti huzipokea, naye huzichambua hapa chuoni, umeme ukiwapo.

Kwa miaka mitatu galaksi moja ilikuwa tegemeo la shahada yake. Alhamisi aliitwa kuieleza mbele ya idara, nami nikaruhusiwa kuketi nyuma kwa kuwa shule zimefungwa. Alionyesha picha ukutani, akasema, "Kabla hamjaniuliza, nilikosea. Duara nililochora kwenye kitovu cha galaksi limeimeza nyota jirani. Eksirei nyingi nilizohesabu ni za nyota hiyo."

Profesa Ezugwu, msimamizi wake, akapiga paja. "Uzo! Umekuja kujishtaki mwenyewe? Basi mawe yetu tumeyabeba bure!"

"Yashikeni tu, Prof," Shangazi akajibu. "Sijamaliza."

Watu wakacheka. Akaonyesha kilichobaki baada ya kuiondoa nyota: eksirei chache mno, lakini zote kali. Huenda shimo limefunikwa zaidi kuliko alivyodhani, huenda hakuna kitu. Ameomba galaksi ile iangaliwe upya. Jibu litachukua miezi, na shahada itangoja.

Tukirudi tulinunua okpa ya moto, ule mkate wa njugu mawe. Nilimwuliza kwa nini hakunyamaza, maana hakuna mwingine aliyekuwa ameliona kosa lile.

"Olanma," akasema huku akipuliza okpa yake, "mimi ningeliona kila siku."

Tangu siku hiyo ninafanya hesabu zangu mara mbili. Muhula ujao nimechagua fizikia. Baba hajasema ndiyo, lakini hajasema hapana.

Kwa hiyo Jumapili, wakikuuliza, waambie Shangazi bado anatafuta, na kwamba kosa lake aliliona yeye kabla ya watu wote. Nadhani hilo nalo linastahili makofi.

Nisalimie Mama Mdogo Ngozika, na umbusu Chidalu kwa niaba yangu. Bibi, Baba na Shangazi wanakusalimu sana. Mungu akutangulie kazini na akurudishe kwetu salama.

Mimi mwanao nikupendaye,
Olanma