Bodi Mbili na Mkono wa Baba

Jumamosi, Singida mjini. Upepo wa mwezi wa saba umevuma tangu alfajiri na vumbi limeingia hadi kwenye kopo la sukari. Niko nyumbani Mandewa, nimevaa sweta juu ya kanzu, jua linazama, na moyo wangu hauko mahali pake. Sijui niite huzuni au niite furaha iliyopotea njia. Ngoja niandike, labda nitajua.

Leo nimechagua bodi ya kompyuta ambayo duka letu litaanza kuiuza.

Baba alichagua nyingine.

Mtu asiyetujua atauliza, sasa hapo pana nini cha kuandikia blogu? Pana mengi. Lakini ili nieleze inabidi nirudi nyuma, na nikirudi nyuma huwa nachelewa kutoka huko, maana napapenda.

Duka letu liko karibu na soko. Babu mzaa baba alitoka Pwani na vitambaa begani, akamuoa Mnyaturu, akasahau kurudi. Baba alirithi duka wakati ambao halikuwa na kitu. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka vizuri: chumvi, viberiti, buluu ya kufulia. Mashelfu mengine yalikuwa matupu, na Mama aliyafuta vumbi kila asubuhi kana kwamba kuna kitu juu yake. Sabuni ikipatikana mahali, mji mzima ulikuwa unajua kabla ya adhana ya adhuhuri.

Halafu ikaja miaka ya ruksa. Serikali ikaruhusu biashara huria na mizigo ya nje ikaanza kuja, kwanza kwa woga, baadaye kwa fujo. Ilikuja kwa treni mpaka Manyoni, kisha kwa lori mpaka kwetu. Redio, chupa za chai, pasi, tochi, biskuti za maboksi. Mpaka leo nikisikia harufu ya boksi jipya linalofunguliwa, ile ya karatasi ngumu na plastiki, nakuwa na miaka tisa. Watu hulilia mambo makubwa. Mimi nalilia harufu ya maboksi.

Na nyumbani kwetu kulikuwa na sheria moja. Aina mpya ya bidhaa ikifika, hakuna anayeigusa mpaka ipite mkononi mwa Baba. Atakata kamba kwa kisu, atatoa kimoja, atakiweka kiganjani na kukipima uzito, huku macho kayafumba. Akikiweka kulia kwake, kinapanda kwenye shelfu. Akikirudisha kwenye boksi, safari yake imeishia hapo, hata kama aliyekileta amekisifia tangu Dar. Sisi watoto tulisimama tukiwa tumebana pumzi. Wateja nao walijua. Mtu anatoka Iramba huko, anaingia dukani, anauliza kwanza, “Mzee amekishika hiki?”

Msimcheke. Ilikuwa na maana yake. Ruksa ilileta vitu vizuri na ilileta takataka, vyote kwenye boksi la rangi moja. Pasi nyepesi ilikuwa ya bati, haifiki sikukuu ya Idi. Chupa ya chai nyepesi, kioo chake ni kama karatasi. Baba hakujua umeme wala viwanda, ila alijua kwamba kitu kilichotengenezwa kwa moyo kina uzito wake.

Mara moja tu alitapeliwa. Zilikuja redio nzito nzuri, akazipitisha. Moja ikaanguka ikapasuka mbele ya wateja, na ndani tukakuta kipande cha chuma kimefungwa kwa skrubu, hakina kazi yoyote ila kuongeza uzito. Baba alikiangalia kile chuma kwa muda. Kisha akaziteremsha redio zote mwenyewe, moja moja, na aliyekuwa amenunua akarudishiwa chake. Tangu siku hiyo akawa anapima na kutikisa pia.

Sasa tuje kwenye bodi.

Nimembembeleza Baba muda mrefu tuuze kompyuta. Maofisi yanazitaka, shule zinazitaka, wenye steshenari wote mjini wanazitaka, na kila anayenunua anakwenda Arusha au Dodoma. Mwaka huu akakubali. Mpango ni kuziunga wenyewe hapa dukani: makabati ya bati, feni, diski na kila kitu kutoka kwa rafiki yangu Mrisho aliyeko Kariakoo. Moyo wa mpango ni bodi, ule ubao mpana wa kijani ambao vitu vyote vinachomekwa humo. Bodi ikifa, iliyobaki ni kabati la bati. Na mtaji wetu unatosha aina moja tu. Mrisho akatutumia sampuli mbili kwa basi, zote za daraja la kati, si za matajiri wala si za kubahatisha. Akasema nimpe jibu leo, kwani Jumatatu mzigo unatoka.

Nimekaa nazo tangu wiki iliyopita nyuma ya kaunta, nimezilaza juu ya maboksi matupu, nimezifunika kwa kanga ya Mama kuzikinga na vumbi. Nilizipa majina: Nene na Nyembamba.

Nene inapendeza, sitaki kusema uongo. Ina bati pana la kupoza joto, ina nafasi nne za RAM, vile vijiti vya kumbukumbu, na nafasi za kadi zimejipanga kama viti vya harusini. Ukiishika unajisikia umenunua kitu. Bei yake iko chini kidogo. Lakini yenyewe haiwezi kutoa picha kwenye skrini. Lazima ununue kadi ya picha pembeni, na ukiongeza hiyo bei inaipita ya mwenzake. Prosesa inayoingia humo, yaani ubongo wa kompyuta, ni ya kizazi kinachoondoka. Mteja akirudi mwaka kesho kutaka kuongeza nguvu, sitakuwa na cha kumpa zaidi ya pole.

Nyembamba ni ndogo, na ukiitazama unaweza kudhani ni bodi ya kitu kingine. Nafasi za RAM ni mbili tu. Ukisukuma RAM iingie, ubao unabonyea na moyo wako unabonyea nao. Lakini picha imo, sauti imo, mtandao umo, vyote juu yake. Tundu la printa zile za zamani lipo, la kibodi za zamani lipo, maana Singida hatujawahi kutupa kitu kinachofanya kazi. Matundu ya USB ni mengi. Prosesa mpya zinaingia.

Halafu kuna jirani yetu, Mama Salma, na mashine yake ya kukamua alizeti. Ikiwashwa, taa za mtaa mzima zinakonyeza. Nilizipima bodi zote mbili kwa mashine ya Mama Salma, kipimo ambacho nadhani hakuna kiwanda duniani kinakitumia. Nene ilizimika mara nyingi, kwa sababu ile kadi ya picha nayo inakula umeme. Nyembamba mara nyingi iliendelea kama vile haikuambiwa. Na pale ilipozimika, umeme uliporudi iliwaka yenyewe bila kuguswa, maana nilikuwa nimeipanga hivyo kwenye mipangilio yake ya ndani. Nilipiga makofi peke yangu dukani.

Basi nilikuwa nimeshaamua. Kilichobaki ni sheria ya nyumbani.

Leo baada ya adhuhuri Baba akaja dukani. Siku hizi haji kila siku, miguu inamsumbua. Mama alimshika mkono mpaka kwenye kiti chake, akamsemesha Kinyaturu kwa sauti ya chini jinsi wanavyosemeshana wakiwa hawataki tuingilie, kisha akaenda zake sokoni. Nikatoa kanga. Nikamwambia, “Baba, hizo ndizo zenyewe.”

Akaichukua Nene. Akafumba macho. Niliona mkono wake umekonda, saa imeteleza hadi katikati ya kigasha. Akaitikisa kidogo. Akaiweka kulia.

Akaichukua Nyembamba. Haikumchukua muda. Akaibonyeza kwa dole gumba, ikapinda, akaniangalia.

“Idi mwanangu, hii inapinda kwa kidole. Itafika kwa mteja Kiomboi kwa barabara ile?”

Akairudisha kwenye boksi lake na kufunga kifuniko.

Niseme wazi nilichohisi: nilikuwa na miaka tisa tena, nimebana pumzi. Nilikuwa tayari kusema ndiyo Baba. Neno lilikuwa mdomoni. Katika maisha yangu yote sijawahi kuuza kitu ambacho Baba amekirudisha kwenye boksi.

Lakini nilimwaza mwalimu ametoka Mkalama na kompyuta yake imekufa, amekaa mbele ya kaunta anasubiri nimwambie kitu. Nikafungua boksi tena. Nikaitoa Nyembamba.

Nikamweleza. Kwamba ndani ya kabati bodi hushikwa kwa skrubu kila upande, juu ya vishikizo vya shaba, haitapata nafasi ya kupinda. Kwamba uzito wa Nene karibu wote ni lile bati la joto, na linahitajika kwa sababu inachemka zaidi. Nikamwambia habari za picha, za prosesa, za mashine ya Mama Salma. Nikaiwasha akaiona. Alisikiliza bila kunikatiza, na hilo lilinitisha kuliko kama angenikatiza.

Mwisho nikasema, “Baba, nisamehe. Mimi nachukua hii.”

Akaigeuza bodi chini juu. Nje mtu alikuwa anafukuza mbuzi kwenye mahindi yaliyoanikwa. Nilitamani kuirudisha sentensi yangu ndani ya mdomo.

“Ikirudi,” akasema, “mtu akija nayo hapa analalamika, atasimama nani mbele yake?”

“Nitasimama mimi.”

“Hutanisukumia mimi? Hutasema huyo wa Dar kanidanganya?”

“Hapana, Baba. Mimi.”

Akatikisa kichwa kukubali. Hakutabasamu, wala hakukasirika. Akaomba maji ya kutawadha. Nilipompigia Mrisho simu kumwambia alete Nyembamba, Baba alikuwa anaswali pale nyuma, na nilizungumza kwa kunong'ona kama mwizi.

Sijui kama niko sahihi. Mpaka naandika haya sina hakika. Barabara ya Kiomboi ni mbaya kweli, na Baba ameona vitu vingi vikifika huko vikiwa vipande. Huenda mwaka kesho nikaandika hapa kwamba mkono wake uliona ambacho mimi sikuona. Mtu anayetafuta bodi akiniuliza ushauri, nitamwambia: kwa matumizi ya ofisi ndogo, umeme wetu na pesa zetu, Nyembamba ina thamani zaidi kuliko Nene. Hayo nayasema kwa yakini. Mengine yananikosesha raha.

Kwa sababu kuna jambo lililotokea jioni, wakati nafunga milango.

Baba alikuwa bado kwenye kiti chake, tunangoja upepo upungue nimrudishe nyumbani. Mama Salma akafunga mashine yake, akaja huku anajipangusa mafuta. “Shikamoo mzee.” “Marahaba, mwanangu.” Akasema amesikia tunaleta kompyuta, na binti yake anataka kufungua steshenari. Akaiona Nyembamba juu ya kaunta, akauliza lile swali la miaka yote.

“Mzee umeishika hiyo? Nzuri?”

Nilikuwa nimeinama nafunga komeo la chini. Sikuinuka. Nilijua Baba hasemi uongo kwa mteja, hata kwa ajili yangu. Nikawaza, sasa atasema ameikataa, na Mama Salma atawaambia wa sokoni, na biashara yangu itakufa kabla mzigo haujatoka Dar.

Baba akasema, “Muulize mwenye duka. Huyo hapo.”

Mama Salma akacheka, akadhani ni utani. Kisha akaona uso wa Baba, akaacha kucheka, akanigeukia mimi. Nikamweleza kila kitu, uzuri na ubaya, hata kule kupinda. Akasema atamleta binti yake nikishaunga ya kwanza.

Ningepaswa kufurahi. Mtu amengoja miaka yote hii aitwe mwenye duka mbele ya watu. Badala yake, nikiwa nimemshika Baba mkono kwenye vumbi lile tunarudi nyumbani taratibu, nilisikia upweke ambao sijawahi kuusikia. Sikuwa nimejua kwamba ujasiri wangu wote dukani, kuagiza hiki, kujaribu kile, ulikuwa umeegemea mtu mmoja aliyeweza kusema hapana. Nilikuwa huru kukosea kwa kuwa yeye yupo. Yupo bado, alhamdulillah, yuko sebuleni anasikiliza taarifa ya habari, na Mama anamkanda miguu. Lakini nilipomuuliza wakati wa chai tuanze na oda ya bodi ngapi, alipuliza kikombe chake na kusema ni shauri langu.

Kesho nitaamka, nitafungua duka, na wiki ijayo maboksi yatakuja.

Nani atanikatalia sasa?